Kimo cha Mto

"Nani kamwaga maji chumba cha kanda?"

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, hakina bomba, na kanda zile za sumaku, zenye vipimo vya mto vya miaka nenda miaka rudi, haziivi chungu kimoja na unyevu. Ukutani palichoreka mstari wa tope, usawa wa kifundo cha mguu.

"Pigeni deki," mkuu wa idara ya maji akasema, kisha akamgeukia binti wa kunakili kanda kwenye kompyuta. "Mwaka wa gharika umeufuta?"

"Hapana, mzee. Maji yalifika kipimo kile kweli."

"Kosa la kifaa hilo. Linaharibu grafu."

Linaharibu grafu! Mkuu alishatia sahihi kwamba bonde halifuriki, viwanja vikauzwa, na mama mdogo wa binti huyo kashaezeka nyumba hukohuko bondeni. Mtu mzima, shahada ukutani, anauamrisha mto unyamaze!

Mkuu akaifuta nakala ya mwaka ule kwa mkono wake. Mstari ukapanda hadi gotini. Chumba kikanuka tope bichi, vyura wakalia ndani ya makabati.

"Hili si bomba," fundi wa mashine akanong'ona. "Hili lina mwenyewe."

"Linataka nini?" binti akauliza.

"Shh. Sikia."

Mashine ya kusomea kanda, iliyochomolewa umeme, ilianza kuzunguka, ikatoa sauti ya mtu mwenye maji kinywani: "Kimo changu. Nirudishieni kimo changu."

"Upuuzi!" Mkuu akashika nyundo, akaiponda mashine, nayo ilikuwa ya mwisho iliyoweza kusoma kanda zile, akajifungia ndani na sumaku afute kanda zote, asijue ile ya gharika imo mkobani mwa binti, na wale wawili nje ya mlango wakamsikia akifoka, kisha akikohoa, kisha akibembeleza kama mtoto, kisha akigugumia, bila hata tone kupenya chini ya mlango, na walipouvunja walimkuta kaketi kitini, nguo kavu, maji ya mto yakimtiririka puani, na mstari wa tope umempita utosi, umesimama palepale kipimo cha gharika kiliposema.

Leo asubuhi mstari umeonekana sebuleni kwa mama mdogo. Kifundo cha mguu.

"Hama, mama, nakuomba."

"Nihame kwa maneno? Majirani wanataka ushahidi, mwanangu."

Ushahidi upo mkobani, hausomeki.

Wewe unayesikiliza, kama kwenu ipo mashine ya kusomea kanda za zamani, hata mbovu, usiiuze chuma chakavu. Mpelekee yule binti, leo.