Mtungi wa Kijivu

Maiti ya Gasper ilikuwa imelala chali katikati ya karakana yake, mjini Newala, kifua kimeraruliwa na vipande vya chuma. Kompresa ya jokofu alilokuwa akilitengeneza ilikuwa imepasuka vipande vipande. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa moto.

"Nani alimkuta?" aliuliza Inspekta Eliakimu.

"Mimi, afande," alijibu Husseni, fundi cherehani wa kibanda cha jirani. "Saa tatu asubuhi. Nilisikia mshindo, nikadhani ni tairi la lori la korosho. Kisha nikaona moshi."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

Inspekta aliegemea mlango. Alikuwa ameletwa kutoka Masasi na Landrova iliyochemka mara mbili njiani. Hiyo ilikuwa maiti yake ya tatu wiki ile, na malaria ilikuwa haijamtoka mwilini.

"Ajali kazini," alisema Koplo Hamidu. "Nifunge jalada?"

"Ule mtungi una nini?"

Hamidu aliutazama mtungi wa kijivu uliounganishwa na kompresa kwa bomba la mpira. "Naitrojeni, afande. Mafundi huijaza kwenye jokofu kutafuta linapovuja. Naitrojeni ni mtungi wa kijivu, oksijeni ni mweusi."

"Naitrojeni inawaka?"

Hamidu alitikisa kichwa, akautazama ukuta mweusi.

Juu ya meza kulikuwa na daftari. Gasper alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita, alikokwenda kwa mafunzo ya kujiendeleza kwa mafundi wa majokofu na viyoyozi. Inspekta alifunua kurasa taratibu. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umepigiwa mstari mwekundu: *Oksijeni ikikutana na oili ya kompresa, hulipuka. Usiitumie kamwe.*

Inspekta alichukua ufunguo wa gari, akaukwaruza mtungi. Rangi ya kijivu ilibanduka ikiwa bado laini. Chini yake palikuwa peusi.

"Usifunge jalada," alisema. "Nani mwingine ana ufunguo wa karakana hii?"

"Mzee Lukmani," alijibu Husseni. "Wanafanya kazi pamoja."

Lukmani aliletwa kituoni saa kumi alasiri. Alikuwa mzee mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefanya kazi hii muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili serikalini. Mwaka tisini na tatu wakatupunguza. Biashara ikafunguliwa, kila duka likaleta jokofu la soda, nikasema nitaishi."

"Leseni yako?"

"Imekwisha tangu Machi. Siku hizi hawaihuishi bila cheti cha mafunzo ya gesi mpya za majokofu."

"Hukuyatafuta?"

Mzee alicheka bila furaha. "Nilisoma kwa njia ya posta, nikamaliza masomo yote. Wakasema gesi haifundishwi kwa barua. Nikaenda kozi ya jioni Mtwara, nikakuta mwalimu amehama. Ikabaki ile ya Dar, wiki sita, nafasi moja kwa wilaya nzima. Niliomba miaka miwili."

"Akapata Gasper."

"Akapata Gasper. Bisibisi ya kwanza nilimshikisha mimi."

Inspekta aliitazama mikono ya mzee. Ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta ya taa, maana maji Newala ni haba, ya kunywa tu. Lakini pembeni mwa kucha mbili palibaki mstari wa kijivu.

Alitoka, akatembea hadi posta na kupiga simu chuo cha mafunzo Dar, kuuliza nafasi ile ilivyotolewa. Karani alikwenda kutafuta faili. Inspekta alisubiri huku jasho la homa likimtiririka.

"Newala ndiyo hii," karani alisema hatimaye. "Aliyechaguliwa alikuwa Lukmani Chitanda. Tukaandikiwa barua kwamba amefariki, nafasi apewe msaidizi wake, Gasper."

Aliporudi kituoni, mzee alikuwa amekaa vilevile.

"Ulijuaje kuhusu barua ya kifo chako, mzee?"

Lukmani alivua kofia yake, akaiweka mezani.

"Chuo kilituma rambirambi. Wiki mbili zilizopita. Mke wangu aliifungua nikiwa nakula, akanisomea. 'Tumepokea kwa masikitiko taarifa za kifo cha mumeo.' Alicheka kwanza, akidhani wamekosea."

"Hukumuuliza Gasper?"

"Nilimuuliza kama kuna barua yoyote iliyokuja karakana kwa jina langu. Akaniambia hakuna. Akaniazima daftari lake. Akasema, 'Soma, mzee, usipitwe.'"

"Ukasoma."

"Lote. Oksijeni ya kuchomelea tumekuwa nayo siku zote. Jana mchana alipokwenda kula, niliupaka mtungi wake rangi ya kijivu, nikauficha wa naitrojeni."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua. Ukurasa wa kumi na nne. Nilipousikia mshindo nilikuwa njiani. Nilikuwa nakimbilia karakana, afande. Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimeshachelewa."

Hamidu aliandika maelezo, mzee akatia sahihi kwa mwandiko wa shule za zamani, herufi zimeinama upande mmoja.

Jua lilikuwa linaelekea bonde la Ruvuma Inspekta alipofika kwa mjane wa Gasper. Flora alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kitenge kimemfunika kichwa. Walisogea kando.

"Pole, Mama Stella. Tumemkamata Mzee Lukmani. Amekiri."

"Mzee Lukmani? Mume wangu alimfanya nini?"

Inspekta alimweleza yote: nafasi ya mafunzo, barua ya kifo, rambirambi. Flora alisikiliza bila kupepesa. Inspekta alipomaliza, wanawake walianza kutazamana.

"Barua ile niliiandika mimi," alisema polepole. "Gasper mwandiko wake haukusomeka. Alisema mzee amechoka, hataki tena shule, haina madhara."

Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti yakimuuma. "Pole, mama," alisema tena.