Sura ya Kanyana Ndani ya Mchele

Mwanaume anayejipenda hunukia kabla hajafika. Ndivyo Hyacinthe alivyomfikia Kanyana kule Louisville, Marekani, katika soko la vitu vya zamani lililofurika watu: suti ya rangi ya chungwa, viatu vya ncha, manukato ya kukohoza mbuzi.

Kanyana, aliyetoka Columbus kuja arusi ya binamu yake, alikuwa ameinamia meza ya kadi ndogo zenye picha za waigizaji wa kike wa zamani, wamevaa kofia za manyoya.

"Hawa warembo walikuwa wa nini?"

Muuzaji, mzee wa Kimarekani, akamweleza: kadi zilitiwa ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, na wanaume wakanunua moshi ili wakusanye sura.

"Na wenyewe waliulizwa?"

"Nani angewauliza?"

"Bon, wewe ungewashinda wote," Hyacinthe akadakia. "Asali, nipe namba."

Akampa. Ujinga wa moyo hauna dawa.

Hyacinthe alikuwa na duka la vyakula Grant Street, Buffalo. Kila jioni simu: "Mama wangu, umekula?"

"Nimekula, mzee wa manukato."

Akaomba picha, eti amwonyeshe mama yake kabla ya kutuma washenga. Kanyana akavaa mshanana wake wa kijani, vazi la sherehe la kwao, akapigwa picha amesimama, ameketi, anacheka.

Siku si nyingi, shangazi yake Umuhoza akapiga simu kutoka Buffalo.

"Mtoto wangu, nimefungua mfuko wa mchele wa Hyacinthe, nimekukuta ndani! Umesimama kwenye kadi. Jirani amekupata umeketi. Vijana wa kiwandani wanabadilishana. Anayekutafuta ukicheka ananunua mchele asioula!"

Kanyana akapanda basi. Alilia njiani, lakini alimpenda. Msamaha wake alisafiri nao.

"Chérie!" Hyacinthe akafungua mikono, duka limejaa.

"Mama yako anakaa ndani ya mfuko gani?"

"Donc, nimekusifu! Mji mzima unakujua."

"Nilikupa sura yangu ipelekwe kwa mzazi, ukaifanya chambo. Sema tu umekosa, yaishe."

Hyacinthe, alipobanwa hivyo mbele ya wateja, akapiga goti. "Kanyana, kubali nikuoe!"

Simu zikainuliwa kumrekodi. Naye akasogeza goti, akainamisha kichwa kidogo, ili jina la duka lionekane vizuri nyuma yake.

Kanyana akamtazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye maziwa.

"Inuka, utachafua suruali."

Akavuka barabara, akaenda kununua mchele kwenye duka la Mburma asiyemjua hata jina.