Uzi wa Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Kidoti alifagia chumba cha kazi cha baba yake, fundi cherehani. Tangu fundi aanguke kwenye ngazi na kuumia ubongo, mikono yake ilikuwa mizima, ila mpangilio wa mambo ulimpotea. Alishika uzi, akaupeleka huku, akaurudisha kule, kisha akasahau anachotafuta.

Muuguzi wa mazoezi alimwachia kazi moja: kutunga uzi kwenye cherehani mwenyewe, kila siku. Kidoti akamwonea huruma. Akawa anamtungia mapema, fundi akija ni kuketi na kushona tu. Wateja wakasema, "Fundi amerudi."

Siku moja muuguzi alikuja, akaukagua mshono, akaridhika. Kisha akauchomoa uzi wote.

"Haya fundi, nitungie nione."

Fundi akaipeleka ncha moja kwa moja kwenye sindano, akiziruka ndoano zote za kupitishia uzi. Akasita.

"Basi tumerudi nyuma," muuguzi akamwambia Kidoti taratibu. "Labda ushonaji tuuache, tumtafutie kazi nyepesi."

Fundi aliinamisha kichwa. Kidoti akasogea mbele.

"Hajarudi nyuma, mama muuguzi. Ni mimi ninayemtungia. Yeye hajafanya mazoezi."

"Kumbe," fundi akasema. "Mimi nilidhani nimetunga mwenyewe nikasahau."

Muuguzi hakugomba. Aliupitisha uzi kote, akabakiza tundu la sindano tu. "Malizia, fundi." Fundi akamalizia. "Umeona, Kidoti? Mwachie hatua ya mwisho. Akiizoea, mwachie na iliyo kabla yake. Tunarudi hivyo hivyo hadi mwanzo. Nawe usimguse."

Kutomgusa kulimshinda Kidoti, hadi akaamua kuikalia mikono yake.

"Unaatamia mayai?" fundi alimtania, uzi ukimponyoka tena.

Siku zilikwenda. Asubuhi moja fundi alianzia kwenye kibiringo cha uzi, akapita ndoano moja baada ya nyingine, polepole, akinong'ona, hadi tunduni. Kidoti, bado ameikalia mikono, hakumsaidia.

"Mwanangu," alisema, "ulinihurumia, lakini ulininyima dawa yangu. Ubongo ni kama njia ya shambani, isipopitiwa huota nyasi. Mgonjwa msaidie, ila kazi yake mwachie. Na ukikosea, sema ukweli kama ulivyosema."

Akakanyaga cherehani, ikanguruma.

"Inuka sasa uende shule. Vifaranga vimeshatoka."