Kitabu Ambacho Fundi Hakukimaliza

Stendi ilifurika watu asubuhi hiyo, na mbele ya meza ya muuza vitabu vya mitumba mikono miwili ilikuwa imeng'ang'ania kitabu kimoja. Mmoja ulikuwa wa fundi wa feni na pasi, kijana wa ovaroli ya bluu yenye matundu ya kuungua, aliyekuja kukirudisha. Wa pili ulikuwa wa binti wa gauni la njano, mkoba umejaa makaratasi, aliyekitaka.

"Usikinunue, dada. Ukurasa wa arobaini mvua inaanza kunyesha, mpaka wa sitini haijakatika. Nimekiacha hapohapo."

Binti alipasuka kicheko. "Kumbe ni wewe unayeandika hukumu kwa penseli nyuma ya vitabu vya huyu mzee! Ninavyo vitano."

"Na wewe unavitakia nini vyote hivyo?"

"Nasomea fasihi, shahada ya pili."

"Yaani mnasomea hadithi? Na mtu anafeli?"

"Tunafeli vizuri tu. Mama yangu anasema nimesomea kukaa kitako."

Basi, mapenzi yana mlango gani mwingine? Kuanzia siku hiyo binti alimwita Hakimu, naye akaitwa Mwalimu. Simu zikawa hazikatiki. "Hakimu wangu, umekula?" "Nasubiri gundi ikauke, nasoma. Huyu tajiri humu ndani ni mbaya toka ukurasa wa kwanza. Matajiri wema hawaandikwi?" "Endelea, anabadilika." "Abadilike na nani? Nimeshakifunga. Kitabu kikinikera nakifunga, Mwalimu."

Ndiyo ilikuwa tabia yake, na binti aliipenda hata hiyo. Akaomba ruhusa azitumie zile hukumu kwenye tasnifu yake. Fundi akakubali, moyo umemjaa furaha. Mwaka ulipokwisha, binti alimletea kibandani nakala ya tasnifu hiyo, yenye jalada gumu jekundu.

"Hiki usikiache njiani, mpenzi. Nakuomba. Kisome mpaka mwisho kabisa, halafu nitakuja kuchukua jibu."

Fundi akafika ukurasa wa kumi na mbili. Pale chini pameandikwa: "Msomaji wa kawaida hana ujuzi wa kuhukumu fasihi. Maoni yake ni kelele za mtaani." Fundi akahisi amechapwa kofi. Kumbe ndivyo anavyonisema kwa wasomi wenzake! Akakifunga, akakitupa nyuma ya sanduku la vyuma.

Jamani, karatasi moja tu! Angegeuza karatasi moja angekuta: "Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na tulifundishwa vibaya." Kurasa mia zilizofuata zilikuwa zinamtetea yeye. Hakugeuza.

Simu iliita siku nne bila kupokelewa. Siku ya tano binti akaja mwenyewe, gauni lile lile la njano, midomo imemkauka.

"Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Chote? Mpaka ukurasa wa mwisho?"

Hapo kiburi kikamponza. Mtu ameshaambiwa hajui kusoma, akiri tena kwamba hakumaliza? "Chote," alisema. "Mpaka wa mwisho."

"Na jibu lako?"

"Jibu langu ndilo hili unaloliona." Akainama, akaendelea kufungua feni ya watu.

Binti akajifuta macho kwa kiganja, akaondoka. Fundi alidhani ni aibu ya alichokiandika.

Miaka mitatu baadaye alikuwa anahamisha kibanda. Sanduku la vyuma lilipoinuliwa, jalada jekundu likaonekana, limeliwa na vumbi. Alikifungua ili akitupe vizuri. Ukurasa wa kumi na mbili. Safari hii akageuza. Alisoma amesimama, kisha akakaa chini sakafuni, na wabebaji wakachoka kumwita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi ya penseli:

"Hakimu wangu, najua mwanamke haposi. Mimi naposa. Nioe. Andika hukumu yako hapa chini, nitakuja kuisoma."

Chini yake palikuwa peupe.

Akapiga namba ile ile ya binti. Ikapokelewa, na nyuma ya sauti mtoto alikuwa analia.

"Mwalimu, nimemaliza kitabu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Lakini uliniambia... Hakimu, nilikuuliza mara mbili."

"Nilikudanganya. Niliishia wa kumi na mbili."

Alimsikia naye akilia taratibu, pamoja na mtoto wake. Mlango ukafunguliwa huko, mwanamume akauliza kwa upole, "Mke wangu, kuna nini?" Akajibiwa kwamba ni mtu wa zamani wa vitabu.

"Kilikuwaje?" binti akanong'ona.

"Kizuri, Mwalimu. Kizuri mno. Kosa ni la msomaji."

"Ahsante kwa kukimaliza," alisema, na simu ikakatwa.

Fundi akachukua penseli sikioni. Pale peupe akaandika: "Ndiyo." Kisha akakiweka kitabu sandukuni na kuwaita wabebaji.