Beseni la Kuoshea Miguu

Beseni lilitoa mapovu na huku limechomolewa kwenye umeme. Glu, glu, mara mbili tu, mchana kweupe, saluni ikiwa tupu. Mwenye saluni alilipiga teke, akaendelea kula. Mbele, saluni yake iling'aa. Nyuma ya pazia, mtu mwenye kinyaa asingetia hata kidole.

Wiki hiyo mdogo wake, bi harusi mtarajiwa, alinyolewa vinyweleo vya miguu, kisha akaoshwa kwenye beseni hilo. Vikatoka vipele. Vipele vikawa majipu ya zambarau, yakapasuka, yakamwaga usaha mzito unaonuka kama panya aliyefia darini. Vidonge vya duka la dawa havikufua dafu.

"Dada, kuna kitu kinatembea humu ndani," alinong'ona.

"Ni jini hilo. Kuna mtu anaionea kijicho harusi yako."

Dada akamleta mganga, naye akaagiza miguu ilowekwe kwenye dawa siku saba. Na dada, kwa akili zake, akailoweka kwenye beseni lile lile! Majipu yakapanda hadi magotini. Harusi ikaahirishwa.

Ndipo walipokwenda hospitali. Daktari alikata kipande cha nyama kwenye jipu, kikapelekwa maabara ili vijidudu vyake vioteshwe na kutambuliwa. Baada ya wiki mbili majibu yakatoka.

"Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu," daktari alisema. "Huyu hukaa kwenye maji machafu, na dawa za kawaida hazimwezi. Utameza dawa mbili kwa miezi sita, usiruke hata siku moja. Na hilo beseni livunjwe."

"Nitalivunja leo leo, haki ya Mungu," dada akaapa.

Bi harusi alimeza dawa hadi ulimi ukawa mchungu. Vidonda vikafunga. Siku tatu kabla ya tarehe mpya ya harusi, alikwenda saluni kwa furaha, miguu wazi.

Nyuma ya pazia akasikia glu, glu.

Alivuta pazia akamkuta dada yake ameketi peke yake, miguu imezama kwenye beseni lile lile, waya umelala sakafuni haujachomekwa popote, maji yakitokota rangi ya usaha, na chini kabisa, kwenye chujio ambalo miaka yote hakuna aliyewahi kulifungua, fundo la nywele, kucha na ngozi za wateja likitanuka na kunywea, likitanuka na kunywea, linapumua.

"Dada! Si uliapa utalivunja?"

"Nimelivunja mara tatu, mdogo wangu," dada alisema kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi nalikuta hapa, zima."

Akainua miguu. Chini ya magoti palibaki vipande vya nyama laini, vikidondoka majini kimoja kimoja. Bi harusi alitapika pale pale.

Dada akajiburuta pembeni, akafuta kiti kwa taulo.

"Kaa nikuoshe, bi harusi. Tangu upone, linakuulizia wewe tu."