Harufu Mkononi mwa Ngassa

Ijumaa, saa tano kasorobo asubuhi, Esteria Mboje alifungua mlango wa chumba chake huko Kasoli akakuta msumari mtupu ukutani. Gauni la harusi lililokuwa limetundikwa hapo halikuwepo. Sakafuni kichupa cha manukato kilikuwa kimepasuka vipande vitatu, na chumba kizima kilinuka ndimu.

Harusi ilikuwa kesho yake, saa nne.

Esteria hakupiga kelele. Alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa Limbu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kitongoji. Ya pili ilikwenda kwa Nyanjige, muuza manukato wa soko la Bariadi, ambaye aliyachanganya manukato yale kwa mkono wake mwenyewe.

Nyanjige alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na pua yake ilitaniwa soko zima. Walisema mvua ikinukia Maswa, Nyanjige anaanua nguo Bariadi. Hakujali utani huo, maana pua ndiyo iliyosomesha watoto wake. Alitia vichupa vichache kwenye mkoba, akapanda pikipiki, akafika Kasoli saa sita kasoro dakika kumi.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba wa bibi harusi, Mzee Mboje, amekaa peke yake kwenye kigoda karibu na zizi.

"Mwadila, baba," Nyanjige alisalimu.

"Mwadila, mayu," alijibu mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wabeja, asante kuja."

"Mbona umejitenga na wageni wako?"

"Moshi," alisema mzee, akakohoa. "Tangu juzi wanapika kwa kuni, na kifua changu hakiutaki. Jikoni sisogei, nimehamia huku kwa ng'ombe."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nyanjige alimhurumia kwa moyo wote. Mzee huyu alifiwa na mkewe wakati Esteria ana miaka miwili, akakataa kumpeleka mtoto kwa shangazi, akambeba mgongoni kwa kanga kwenda shambani huku wanaume wenzake wakimcheka. Sasa mtoto huyo anaolewa na Selestini, mwalimu aliyepangiwa kazi Mtwara, na Jumapili wangeondoka. Mtwara na Kasoli si pua na mdomo.

Uani, kijana mmoja mrefu alikuwa amekalishwa chini, sungusungu wawili wamemsimamia na fimbo zao. Alikuwa Ngassa, mdogo wake Selestini, mchunga ng'ombe. Alfajiri ile alikuwa amemleta ng'ombe wa mwisho wa mahari.

"Kesi imekwisha, mayu," Limbu alimpokea Nyanjige. "Aliyevunja kichupa lazima alilowa mafuta. Nimenusa mikono ya watu kumi na saba. Anayenuka ndimu ni mmoja tu, huyu."

"Shemeji alinipaka mwenyewe!" Ngassa alisema. "Saa moja asubuhi. Alisema kesho nisije kanisani na harufu ya zizi."

"Ni kweli," alisema Esteria. "Tone moja, mkono wa kulia. Nilikuwa namtania."

"Saa moja sikatai," Limbu alijibu. "Lakini nilipomnusa ilikuwa saa sita kasoro robo. Mayu, mwaka jana nilimnunulia mke wangu kichupa kwako. Uliniambiaje?"

Nyanjige aliona mtego na hakuwa na pa kutorokea, kwa kuwa maneno aliyatega mwenyewe. "Nilikwambia mafuta haya yanabadilika mwilini. Ndimu ndiyo inayotangulia, na haimalizi saa moja. Ikiondoka linakuja waridi. Mwisho kabisa unabaki udi, huo unalala nao."

"Haimalizi saa moja. Basi huyu alishika mafuta mara ya pili, na si zamani." Limbu aligeukia kibaraza, ambako wanawake wawili walikuwa wakipepeta mchele. "Nyie mko hapa tangu saa mbili. Mwambieni nani ameingia ndani."

"Nancy alikuwa anapiga pasi gauni," mmoja alijibu. "Akatoka saa mbili na nusu na gari la kufuata viti, akaenda Ngulyati."

"Huyo ndiye niliyemshuku kwanza," alisema Limbu. "Rafiki wa bibi harusi, lakini Selestini aliwahi kumposa yeye. Nimempigia dereva. Mpaka sasa wanapakia viti pamoja, na baada ya yeye kuondoka Esteria aliliona gauni."

"Nililiona saa tatu," Esteria alithibitisha. "Nikaenda kusukwa kwa jirani mpaka saa tano kasorobo."

"Baada ya hapo aliingia nani?" Nyanjige aliwauliza wale wanawake.

"Ngassa, saa nne. Alisema ana kiu."

"Na mwingine?"

"Hakuna mtu."

Limbu alikunja mikono kifuani. Saa tisa, alisema, kitongoji kitakaa kikao. Ngassa akionekana mwizi atatengwa: hakuna wa kumpa moto wala maji. Na kwao Selestini walishatuma neno kwamba ndugu yao akiitwa mwizi kwenye ua huu, wanaswaga ng'ombe wao wote na harusi hakuna. Esteria alisikia hayo akakaa chini hapohapo, na nywele zake zimesukwa nusu.

Nyanjige aliuchukua mkono wa kulia wa Ngassa, akaunusa. Ndimu, bado changa. Kisha akausugua kwa kidole gumba, na kidole kikateleza.

"Umejipaka nini, mwanangu?"

"Samli," Ngassa alisema kwa haya. "Kila alfajiri, mwili mzima. Baridi hii ya Juni inapasua ngozi huko porini. Mama alitukuza hivyo."

Nyanjige alikiangalia kidole chake. Miaka ishirini alikuwa akiuza manukato kwa makarani, walimu na wake za wafanyabiashara, watu wa losheni nyepesi au wasiojipaka kitu. Hakuna mchungaji aliyewahi kumnyooshea mkono wenye samli. Yale aliyokuwa akiyatangaza sokoni kama sheria ya Musa aliyajua kwa ngozi za mjini tu, na sasa kijana wa watu alikuwa anakaribia kutengwa kwa sababu ya maneno hayo. Alijionea aibu kweli.

"Limbu, huenda nilikudanganya bila kujua," alisema. "Nipe saa mbili."

Alitoa mkobani kichupa cha mchanganyiko uleule. Saa sita na robo alidondosha tone moja kwenye mkono wake mwenyewe, mkavu kama gunzi, jingine kwenye mkono wa Limbu, na la tatu kwenye mkono wa kushoto wa Ngassa. Aliwakataza wote wasinawe.

Kusubiri kulimshinda kamanda. Alijinusa kila baada ya dakika tano kama mtu aliyenunua saa mpya anavyoiangalia. Saa saba na dakika tano alipaza sauti kwamba ndimu yake imekufa. Saa saba na nusu alitangaza waridi, na sungusungu wake wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka.

Saa nane na robo Nyanjige aliwaita.

"Mnuse Ngassa, mkono wa kushoto."

Limbu aliinama. Alinusa, akanusa tena. "Ndimu," alisema polepole. "Kama sasa hivi."

"Samli imeifunga isiruke. Hata huu wa kulia una ndimu mpaka sasa. Ya asubuhi haikuwa na haja ya kuongezwa. Ngassa aliingia kunywa maji, akanywa maji, akatoka."

Limbu hakuwa mtu mbaya. Alimnyanyua Ngassa kwa mkono wake mwenyewe, akamkung'uta vumbi. "Basi ni nani?" aliuliza. "Wengine hawakunuka ndimu."

"Ulikuwa unatafuta ndimu tu. Haya, ninuse mimi."

"Wewe?" Limbu aliusogelea mkono wa Nyanjige. "Wewe unanuka moshi wa kuni. Umekaa na wapishi?"

"Sijafika huko. Huu ni udi. Ngozi yangu kavu, waridi halikai, unatokea udi mapema, na kwa asiyeujua ni moshi mtupu." Alikatiza. "Limbu, asubuhi katika wale kumi na saba, nani alinuka moshi?"

"Wapishi watatu," alisema Limbu. "Na Mzee Mboje."

Nyanjige angeweza kulitaja jina pale uani mbele ya watu wote, na wapo ambao wangefurahia. Yeye hakufurahia hata kidogo. Alimwomba Limbu amfuate ndani, wakaingia chumba kilichopakana na cha Esteria, ambako pamba ya msimu ilisubiri kupelekwa kupimwa. Magunia manane yalikuwa yameegemea ukuta.

"Mwilini harufu inatembea kwa sababu mwili una joto," alisema, akiinama kwenye gunia la kwanza. "Pamba na nguo zikifungiwa gizani hivi, inakaa karibu kama ilivyoingia."

Gunia la kwanza lilinuka vumbi, la pili vilevile. Alipolegeza kamba ya gunia la tatu, ndimu ilimpiga usoni. Hakuchimba. Alimtuma Limbu amwite mwenye nyumba.

Mzee Mboje aliingia na kusimama mlangoni. Nyuma yake, bila kuitwa, walikuja Esteria na Ngassa.

"Mzee Mboje, gunia hili lina nini?" Nyanjige aliuliza.

"Pamba."

"Na nini tena?"

Mzee aliitazama kamba iliyolegezwa.

"Mikono yako ilinuka moshi leo, na wewe jikoni hujasogea tangu juzi."

Mzee aliinua viganja vyake akavinusa, kama vile ni vya mtu mwingine. "Nilinawa mara tatu," alisema. "Kwa sabuni ya mche."

"Sabuni ilimaliza ndimu. Udi umeshaingia ngozini."

"Ila wale kina mama walisema hakuna mtu aliyeingia!" Limbu alibisha.

"Walisema kweli yao. Mwenye nyumba akiingia kwake, nani anamhesabu?"

Esteria alimpita baba yake, akatumbukiza mikono kwenye gunia, akavuta. Gauni lilitoka limegandwa na pamba, na kwenye mkono wa kushoto lilikuwa na doa la mafuta la ukubwa wa shilingi.

"Ilikuwa saa tatu na nusu," Mzee Mboje alisema, akimtazama binti yake tu. "Nililishusha, likakumba kichupa. Nilijaribu kukidaka kikanimwagikia. Sikutaka kuliharibu, mama. Nilitaka wiki moja. Kila mwaka tunachambua pamba pamoja, nyeupe huku, fifi yenye madoa kule, tangu ukiwa hujui kuhesabu. Mwaka huu shughuli za harusi zimetubana, magunia manne hayajachambuliwa. Nikasema gauni likipotea, wataahirisha Jumamosi moja. Tungemaliza, kisha ungekwenda."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekwambia ungeahirisha."

"Ningeahirisha, ndiyo!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Mtoto hawekwi achague kati ya baba na mume. Gauni likikosekana, hakuna aliyechagua."

Esteria alifunika uso kwa gauni akalia. Limbu naye alijifanya anaangalia dari. Nyanjige alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumpenda, na papo hapo akamkasirikia.

"Na huyu?" alisema, akimwonyesha Ngassa. "Ulimwona amekalishwa vumbini. Saa tisa wangemtenga."

"Nilikuwa pale zizini natafuta mdomo wa kusema."

"Mdomo ulikuwa nao tangu saa sita, mzee."

"Nilikuwa nao," Mzee Mboje alikubali. "Niliogopa. Sina neno jingine."

Saa tisa kitongoji kilikaa, na Mzee Mboje hakusubiri kuitwa. Alisimama akasema mwenyewe kila kitu, toka msumari mpaka gunia, na alipofika kwa Ngassa sauti ilikatika. Akaenda akamshika kijana mikono yote miwili, akamwomba radhi mbele ya wazee wa kwao Selestini waliokuwa wamefika na uso wa kesi. Limbu alisoma faini: aliyemsingizia mtu kwa kunyamaza atamlipa ng'ombe mmoja.

Watu wote walimtazama Ngassa. Kijana alijikuna kichwa.

"Ng'ombe nimemswaga toka alfajiri kumleta hapa," alisema. "Nikimrudisha leo, miguu yangu itanishitaki. Baba mkwe, hayo magunia manne yako wapi?"

Kicheko kilichoanza kwa sungusungu kilizunguka ua mzima. Wazee wa kwao Selestini walicheka mwisho, ila walicheka, na mmoja wao akavua koti.

Saa kumi mikeka ilitandikwa uani, pamba ikamwagwa. Nancy, aliyerudi na viti vyake na kukuta kisa kimekwisha, alichukua gauni akashona ua la kitambaa juu ya doa. Nyanjige alikaa karibu na Limbu, ambaye alikuwa akitia fifi kwenye nyeupe na kubisha kila alipokosolewa. Esteria alikaa kando ya baba yake, magoti yao yakigusana, vidole vyao vikienda kwa mwendo mmoja.

Walipomaliza gunia la kwanza, mzee aliuliza bila kuinua kichwa, "Huko Mtwara wanalima pamba?"

"Wanalima korosho, baba."

"Korosho nayo inachambuliwa?"

"Sijui. Nitakuja kukwambia."

Mzee Mboje alitaka kucheka, kikatoka kilio, na safari hii hakusingizia moshi. Esteria hakumwambia anyamaze. Alimpangusa uso kwa kiganja, akavuta gunia la pili akalifungua.