Mikono Iliyoganda Saa Saba

Kila siku saa saba mchana, cherehani ilinyamaza. Mshonaji alipasha chakula kwenye maikrowevu, na mama yake akakaa mbele ya simu. Mama alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alizungumza kwa mikono, na saa hiyo alizungumza na Kitindamimba, binti yake mdogo aliyeolewa mbali. Binti huyo alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Lakini picha ilianza kuganda. Mikono ya Kitindamimba ilisimama hewani, maneno yakakatika.

"Amesema damu imetoka, au haijatoka?" Mama aliuliza kwa mikono, machozi yakimlengalenga.

Baadaye ujumbe ulifika: haijatoka. Hata hivyo, Mama hakula siku hiyo.

Mshonaji alimwita jirani yao, fundi wa mitandao.

"Dada, hii kampuni ya intaneti inatuibia tu!" Mshonaji alilalamika.

"Usiilaumu bure, shoga. Ngoja kwanza tuangalie."

Mama alimgusa fundi begani. Akaonyesha simu, kisha taa ya maikrowevu.

"Anasema picha huganda taa ile ikiwaka," Mshonaji alitafsiri kwa mshangao.

Juu ya maikrowevu palikuwa na ruta, kile kisanduku cha intaneti. Mshonaji alikuwa amekiweka hapo kwa heshima, akakifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe.

Fundi akacheka. "Mama, umenimalizia kazi! Ruta hutuma picha kwa mawimbi ya redio. Maikrowevu nayo hupasha chakula kwa mawimbi, na hutumia masafa yaleyale. Machache huvuja. Hayadhuru mtu, ila yanavuruga picha. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

"Kwa hiyo nisipashe chakula?"

"Pasha, dada! Ila ruta ikae mbali, juu, bila nguo. Tena hii ina masafa mawili. Nitaihamishia simu kwenye yale mengine."

Waliihamishia ruta sebuleni, wakampigia Kitindamimba. Fundi akawasha maikrowevu makusudi. Picha haikuganda. Mshonaji alimtazama mama yake kwa fahari. Yeye mwenye masikio alikuwa amelalamika wiki nzima, na asiyesikia ndiye aliyegundua.

Siku tisa baadaye, saa saba, Kitindamimba aliinua kichanga mbele ya simu.

"Mpe jina la mikono, Mama," aliomba kwa ishara.

Mama aligusa shavu lake mwenyewe kwa kidole, akakizungusha taratibu. Mtoto alikuwa na kishimo pale pale. Kitindamimba akalirudia jina lile bila kukosea. Chakula kilikuwa bado kinazunguka ndani ya maikrowevu, na Mshonaji akalia kwa furaha.